Kichwa Kikiuma Kileleni: Mwinuko au Malaria?

Hifadhi ya Taifa Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huwavutia wakazi wengi wa Rungwe kwa maua yake ya Desemba hadi Aprili. Wapo wasioridhika na maua pekee, wakatumia nusu siku kupanda kilele. Kilele cha Mtorwi kina mita 2,961 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa la kreta la Masoko liko kwenye mita 840 hivi. Anayelala Masoko leo na kusimama kileleni kesho ameupandisha mwili wake zaidi ya mita 2,000 kwa muda mfupi mno.

Katika kimo hicho, mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 70 ya ule wa pwani. Kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Moyo huenda mbio na mapafu hufanya kazi zaidi. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu, hata vijana wenye afya njema, hupata ugonjwa wa milimani: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu.

Hapa ndipo penye mtego. Dalili hizo hizo ni za malaria, na Masoko ni eneo la joto lenye mbu. Malaria huchukua kwa kawaida siku saba au zaidi tangu mtu aumwe na mbu hadi augue. Hivyo anayeugua kileleni aliubeba ugonjwa kutoka nyumbani. Homa si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa milimani. Mwili ukichemka, fikirini malaria kwanza.

Kanuni ni moja kwa hali zote mbili: mwenye dalili asiendelee kupanda. Apumzike, anywe maji, na asipopata nafuu ateremshwe akiwa na mwenzake. Akichanganyikiwa, akipepesuka au akihema ilhali ameketi, ateremshwe mara moja na kupelekwa hospitali. Aliyepata nafuu baada ya kushuka naye apimwe malaria iwapo ana homa au alikuwa nayo safarini.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: mgonjwa wa homa aulizwe alikotoka na alikopanda, kisha apimwe. Kumpa dawa kwa kukisia ni kosa. Kumwambia kuwa ni uchovu wa mlima bila kipimo ni kosa kubwa zaidi.

Wenye selimundu, ugonjwa wa moyo au upungufu mkubwa wa damu, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kupanga safari. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, na mwenye kisukari abebe kitu chenye sukari. Wote wavae nguo nzito, kwani kilele kinaweza kuwa na baridi kuliko Masoko kwa nyuzi 13 hivi. Mwendo ufaao ni ule unaomruhusu mtu kuzungumza bila kukatika pumzi.