Vibarua wa Mashambani Kigoma na Dozi Isiyopaswa Kukatika

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge Tanganyika walianzisha SILABU, chombo cha kuandikisha vibarua. Waha wa Kasulu na Kibondo walikuwa miongoni mwa manamba waliosafirishwa hadi pwani. Siku hizi nyanda hizohizo hupokea vibarua, wengi wao Warundi. Kambi ya Mtendeli ilipowahifadhi wakimbizi, kuanzia 2016 hadi wakazi wake walipohamishiwa Nduta mwishoni mwa 2021, wapo waliotoka kulima kwa ujira vijijini, ingawa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wawe na kibali.

Asiye na kibali huikwepa zahanati hata akiungua homa. Hapo ndipo kikundi cha kujitolea cha kijijini, chenye watu watano au sita tu, huweza kufanya lisilowezekana hospitalini. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo jirani humweleza mgeni maradhi yake bila mkalimani, tena humsindikiza hadi mlangoni.

Kifua kikuu ndicho kipimo kikubwa cha kazi hiyo. Tiba ya kawaida huchukua miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Msimu wa palizi hauchukui hata nusu ya muda huo. Mgonjwa huhitaji msimamizi wa kumwona akimeza dawa, kwa kawaida ndugu. Kibarua aliyewaacha nduguze ng'ambo ya mpaka hana. Mwanakikundi aweza kushika nafasi hiyo, mradi mgonjwa mwenyewe amemchagua. Akikatisha dawa, vimelea huweza kuwa sugu, na chumba cha vibarua wanane hakimsitiri yeyote.

Tumbaku nayo ina hila yake. Anayevuna majani yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Dalili hizo hufanana na za malaria, na Kigoma malaria ni nyingi, kwa hiyo kipimo cha haraka kisirukwe. Kikiwa hasi, mhudumu aulize mgonjwa alishinda shamba gani; nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni.

Kibarua akitaka kuondoka kabla ya kumaliza tiba, aulizwe anakoelekea, apewe fomu ya uhamisho pamoja na dawa za safari, na watoto wabebe kadi zao za chanjo. Kuuliza uraia si sehemu ya vipimo.