Vinka: Pambo la Bustani, Si Chai ya Dawa

Mwezi huu tuangalie ua tunaloliona milangoni mwa nyumba nyingi: vinka, lenye petali tano, jeupe au la waridi. Asili yake ni Madagaska. Vinka hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Ukiimwagilia kupita kiasi, mizizi huoza. Mahali penye joto, kama pwani, huchanua mwaka mzima.

Wengine huchemsha majani yake ili kutibu kisukari. Akina baba na akina mama, tuache! Mmea huu una sumu. Ni kweli kwamba vinkristini, dawa itokanayo na vinka, hutibu saratani za watoto, kama ile ya damu na ile ya Burkitt inayovimbisha taya. Lakini dawa hiyo husafishwa kiwandani, hupimwa kwa miligramu na hudungwa mshipani tu. Sufuria ya jikoni haina kipimo. Mnywaji anaweza kutapika na kufa ganzi mikono na miguu. Kwa mjamzito ni hatari zaidi.

Mgonjwa wa kisukari asiache dawa alizoandikiwa. Mtoto akitafuna majani ya vinka, mpelekeni hospitali upesi, pamoja na tawi la mmea wenyewe. Pandeni vinka ipambe nyumba, isiingie kikombeni.