Kusi Imeshika: Jinsi ya Kusoma Upepo na Mawimbi katika Ufuo wa Malindi

Kuanzia sasa hadi mwezi wa Septemba, anayefika katika ufuo wa Malindi atakuta bahari tofauti na ile ya Januari au Februari. Upepo wa kusi umeingia, mawimbi yamekua, na maji yaliyokuwa kama kioo sasa yamejaa povu. Huu pia ndio msimu unaoangukia likizo ya Agosti, wakati familia kutoka bara na mabasi ya wanafunzi huja kwa wingi kuogelea. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari ya kusi.

Makala haya yanaeleza nini kinatarajiwa na kwa nini. Kwa msomaji asiye na wakati wa kufika mwisho, jambo la kushika ni moja: katika Ghuba ya Malindi, ile sehemu ya maji inayoonekana imetulia katikati ya mawimbi yanayovunjika ndiyo sehemu ya hatari zaidi. Watu huichagua kwa sababu inaonekana salama, na hapo ndipo wanapochukuliwa.

Upepo unatoka wapi

Pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, nayo ni ya upole. Kusi huingia mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika, hufikia kilele chake kati ya Juni na Agosti, kisha hupungua Septemba na Oktoba. Kati ya pepo hizo mbili huwa na siku za maleleji, ambapo upepo hauna msimamo.

Chanzo chake kiko mbali na Malindi. Katika miezi hii bara la Asia hupata joto kali, hewa ya huko hupanda juu, na hewa nzito ya baridi kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi huvutwa kwenda kujaza nafasi hiyo. Hewa hiyo hupita kwetu ikitoka kusini na kusini-mashariki, baada ya kusafiri mamia ya kilomita juu ya maji bila kizuizi. Kadiri upepo unavyovuma juu ya bahari kwa muda mrefu na kwa umbali mrefu, ndivyo mawimbi yanavyokuwa makubwa. Ndiyo maana mawimbi ya Julai yanaweza kuwa makubwa hata asubuhi ambayo Malindi yenyewe haina upepo: yametengenezwa kwingine, yametufikia sisi.

Wazee wa jahazi waliujua msimu huu vyema. Walisafiri mwanzo wa kusi au mwisho wake, na kilele chake walikipitisha bandarini. Hata Vasco da Gama, ambaye nguzo yake ingali imesimama kwenye rasi ya mji wetu, aliondoka Malindi Aprili 1498 kusi ikianza, akiongozwa na rubani aliyepewa hapa, na akafika India chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakuusubiri upepo ugeuke vizuri, na kuvuka bahari ile ile kukamchukua takriban miezi mitatu.

Kwa siku ya kawaida ya msimu huu, tarajia upepo mwepesi alfajiri na mapema asubuhi. Kuanzia saa nne huanza kupata nguvu, kwa sababu nchi kavu imepata joto na upepo wa baharini unajiunga na kusi. Huwa mkali zaidi kati ya saa saba na saa kumi alasiri, kisha hupungua jua likizama. Katika kilele cha kusi zipo siku upepo haulali hata usiku.

Kwa nini Malindi si kama Watamu

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo. Wimbi linapotoka bahari kuu huvunjika kwenye mwamba, na kinacholifikia ufuo ni mabaki tu. Ndivyo ilivyo Watamu, na ndivyo ilivyo pia kusini mwa mji wa Malindi, mbele ya Mbuga ya Kitaifa ya Baharini.

Lakini kutoka gati la Malindi kwenda kaskazini hadi mdomo wa Mto Sabaki, ghuba iko wazi. Matumbawe hayapendi maji ya tope wala maji matamu, na Sabaki huleta yote mawili kutoka nyanda za juu hadi hapa. Pasipo mwamba wa kuyazuia, mawimbi ya kusi huja yakavunjikia mchangani. Kwa vijana wanaopanda mawimbi kwa ubao, hii ni neema, na ndiyo sababu Julai na Agosti huwaona ghubani kila siku. Wanaocheza kwa tiara upande wa Mambrui nao wanaungoja upepo huu mwaka mzima. Kwa mtu aliyejifunza kuogelea kwenye kidimbwi cha hoteli, au ambaye hajajifunza kabisa, ni ufuo mwingine kabisa hata kama mchanga ni ule ule.

Mdomo wa Sabaki wenyewe si mahali pa kuogelea msimu wowote. Maji ya mto hugongana na mawimbi juu ya fungu la mchanga, kina hubadilika kutoka wiki moja hadi nyingine, na maji yana tope kiasi kwamba huwezi kuona miguu yako. Isitoshe, kuna viboko na mamba.

Maji yanayotafuta njia ya kurudi

Kila wimbi linalovunjika husukuma maji kuelekea ufuoni. Maji hayo hayawezi kurundikana; lazima yarudi. Hayarudi sawasawa kila mahali. Hutafuta bonde, yaani mfereji chini ya maji ambapo mchanga umechimbika kati ya mafungu mawili, na yote hukimbilia hapo. Huo ndio mkondo wa kurudi. Ni kama mto mwembamba ndani ya bahari, unaotoka ufuoni kwenda nje hadi kupita mahali mawimbi yanapovunjika.

Kwa kuwa pale kwenye mfereji kuna kina zaidi, mawimbi hayavunjiki. Mtu aliyesimama ufuoni huona povu kushoto, povu kulia, na katikati njia tulivu. Mzazi anayewatafutia watoto mahali pazuri atawapeleka pale pale. Ukiangalia kwa makini dakika kumi hivi kabla ya kuingia, utaona dalili nyingine: maji ya hapo ni meusi kidogo au yana mchanga uliotifuliwa, na povu au majani yanayoelea yanakwenda nje badala ya kuja.

Mkondo huu mara nyingi huwa na mwendo wa mtu anayetembea, lakini ukipata nguvu unaweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Hakuna muogeleaji, hata bingwa wa Olimpiki, anayeweza kuushinda kwa kupiga mbizi moja kwa moja kurudi ufuoni. Anayejaribu huchoka, na kuchoka ndiko kunakoua. Mkondo wenyewe hauvuti mtu chini. Humpeleka nje, kisha nguvu zake huisha baada ya kupita mawimbi.

Kwa hiyo ukijikuta unapelekwa, usipigane. Lala chali, elea, pumua, inua mkono mmoja na upige kelele ili uonekane. Ukiwa na nguvu, ogelea kwa upande, sambamba na ufuo, kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika. Mawimbi hayo yatakusukuma kurudi. Huna nguvu? Endelea kuelea hadi mkondo ulegee au usaidiwe.

Aliye ufuoni naye ana kazi yake, na hapa pana msiba unaojirudia duniani kote: mmoja huchukuliwa, ndugu yake hurukia majini kumwokoa, na wanaozikwa ni wawili. Usiingie mikono mitupu. Tafuta kinachoelea. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ulio mtupu na kufungwa vizuri humbeba mtu mzima bila taabu, na kwenye ufuo wetu haukosekani. Mrushie ukiwa umefungwa kamba. Mtu mmoja abaki akimwonyesha kidole aliye majini bila kuondoa macho, kwa maana kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi.

Neno moja kuhusu tyubu za kukodi. Zinawapa watu ujasiri wa kwenda mahali wasipoweza kusimama. Mkondo huichukua tyubu kama unavyomchukua mtu, na wimbi likiipindua, aliyekuwa juu yake yuko kwenye kina kirefu bila kitu. Asiyejua kuogelea asiende na tyubu kupita maji ya kiunoni.

Kupwa na kujaa

Mawimbi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji kupwa na kujaa, na hapa pwani hayo yanafuata mwezi kwa utaratibu ambao mtu anaweza kuukumbuka bila karatasi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikiwa karibu mita 3 au zaidi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na tofauti huwa mita 1 hivi.

Kwetu, siku za bamvua maji hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Hesabu hii ndiyo inayopaswa kupanga safari yako, kwa sababu mkondo wa kurudi huwa na nguvu zaidi maji yanapokupwa na yanapokuwa chini.

Chukua mfano wa kikundi cha wanafunzi kinachofika saa mbili asubuhi siku ya bamvua. Upepo ni mwepesi, jua si kali, na mwalimu anafurahi kwamba amewahi. Lakini kuanzia alfajiri hadi saa tano maji yote ya ghuba yanatoka, na mifereji inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Baada ya saa tano maji yanaanza kurudi, ila upepo nao unapanda. Siku kama hiyo asubuhi ni ya kutembea mchangani na kucheza mpira. Wakiingia majini iwe ni baadaye, maji yakijaa, kwenye kina cha magoti, wakigawanywa katika makundi madogo, na mtu mzima akisimama upande wa bahari akiwatazama watoto. Akisimama ufuoni hataweza kumfikia anayekwenda.

Jioni ya bamvua ina mtego wake. Watu wameshazoea maji tangu alasiri, na baada ya saa kumi na moja maji yanageuka kimyakimya. Waliokuwa wakisimama vizuri dakika chache zilizopita wanaanza kuvutwa.

Jambo jingine: kusi huyasukuma maji kuelekea kaskazini kando ya ufuo. Muogeleaji husogea kuelekea Mambrui bila kujua. Chagua alama nchi kavu, mnazi au banda, na ukiona umeiacha toka majini urudi kwa miguu.

Kupima upepo kwa macho

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa. Tahadhari hiyo hutaja siku, eneo na mara nyingi urefu wa mawimbi yanayotarajiwa. Ikitolewa, ghuba si ya kuogelea, na vyombo vidogo visitoke.

Bila tahadhari, tumia macho. Vilele vya povu jeupe vikianza kuonekana kila upande baharini, upepo umefika noti 12 hadi 15. Matawi makubwa ya miti yakitikisika na mwavuli ukawa mgumu kushika, umekaribia noti 25, na hapo huhitaji kusubiri ujumbe wowote. Wavuvi wa ngalawa na mitumbwi hawahitaji kufundishwa haya, ila tunajua pia kwamba chakula cha jioni humfanya mtu atoke siku ambayo moyo wake umemkataza. Mwenye kutoka aseme kwa kitengo chake cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na avae jaketi la kuokoa maisha tangu mchangani, si kuliweka chini ya samaki.

Anayetaka kuogelea kwa utulivu msimu huu aende upande wa kusini, nyuma ya mwamba, akikumbuka kwamba wakati wa bamvua, maji yakijaa, mawimbi huuvuka mwamba huo. Wanaotaka kutazama matumbawe kwa mashua wajue kwamba maji ya kusi huwa na ukungu wa mchanga. Mandhari bora ni ya kaskazi.

Jedwali la kupwa na kujaa huchapishwa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Saa za Kilindini zinatosha kwa Malindi, tofauti ni ndogo. Asiye na jedwali amwulize mvuvi yeyote gatini. Kwa dharura majini, piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa nambari 1199, na useme alama ya karibu ya nchi kavu: gati, nguzo ya Vasco da Gama, au mdomo wa Sabaki.