Mji Usio na Mvua

Mtu akizitazama picha za kwanza za maisha ya watu wa Edinburgh, zile zilizopigwa katika miaka ya 1840, atadhani mji huo mkuu wa Uskoti ulikuwa haujui mvua. Jua limewapiga watu usoni, vivuli vimekolea chini ya kofia, sketi zimekauka. Aliyewahi kukaa huko hata majuma mawili atacheka. Mvua ilikuwepo, manyunyu yalikuwepo, na ukungu mzito ulikuwa ukipanda kutoka Bahari ya Kaskazini na kufunika mitaa mizima, kama unavyofanya hadi leo. Ila karatasi ya kupigia picha haikuweza kuviona.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wanaotaka kujifunza kusoma picha za kila siku, za mji wowote ule. Tunachokiona pichani tukakiita maisha ya kawaida ni ile sehemu tu ya maisha ambayo mwanga na mashine viliiruhusu ipite. Edinburgh inalifundisha somo hili vizuri, kwa kuwa imepigwa picha mfululizo tangu fani yenyewe ilipokuwa changa, na kwa kuwa mwanga wake ni mtukutu.

Tuanze na waliotangulia. David Octavius Hill alikuwa mchoraji. Robert Adamson alikuwa kijana wa St Andrews, ndiyo kwanza ameingia miaka ya ishirini, na aliijua kemia ya picha. Walikutana mwaka 1843, baada ya mamia ya wachungaji kujitoa katika Kanisa la Uskoti na kuunda kanisa lao huru. Hill alitaka kulichora tukio lile pamoja na nyuso za wote waliohusika, akashauriwa kwamba kamera ingempunguzia kazi. Mchoro ulimchukua zaidi ya miaka ishirini kuumaliza. Picha zilitoka kwa maelfu kabla Adamson hajafariki mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 26 tu.

Studio yao ilikuwa Rock House, nyumba iliyo kwenye kilima cha Calton. Ukiona picha yao ya bwana aliyeketi kitini, kando yake vitabu na pazia, usidhani yumo sebuleni. Yuko nje uani, na viti na mapazia vimetolewa vifuate jua. Mbinu waliyoitumia, kalotipu, ilikuwa karatasi iliyopakwa kemikali za fedha. Ilimtaka mtu atulie bila kutikisika kwa sekunde kadhaa, pengine dakika kadhaa, na hapo jua liwe linawaka. Siku ya mawingu mazito, hakuna kazi.

Sasa waangalie wanawake wa Newhaven. Hicho kilikuwa kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ghuba ya Forth, kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji. Hill na Adamson walipiga huko picha zaidi ya 100, na hadi leo zinahesabiwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za kuipiga picha jamii ya watu wa kazi katika mazingira yao. Wanaume walivua, wanawake ndio waliopandisha samaki mjini na kuwanadi mitaani, tenga mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, namna wanawake wa Mlima Kenya wabebavyo kuni. Ilikuwa kazi ya miguu. Lakini pichani huoni anayetembea. Wamesimama, wameegemea ukuta, mmoja kamwekea mwenziwe mkono begani, mwingine kashika kiuno. Watazamaji husifu ule utulivu, ule udugu. Nami nauona, ila najua pia kwamba bega la jirani ni egemeo zuri mno kwa mtu aliyeambiwa asitikisike. Utulivu ulikuwa sharti la kemikali. Hill, aliyezoea kupanga watu katika michoro yake, akaligeuza sharti hilo kuwa uzuri. Hata milia ya sketi zao, inayoteka macho mpaka leo, inafaidika na udhaifu wa mbinu. Nyuzi za karatasi zilififisha vitu vidogo vidogo, zikaacha vile vipana vitawale.

Je, picha hizo ni za uongo? Hapana. Nguo ni zao, matenga ni yao, mikono iliyokomaa kwa maji ya chumvi ni yao. Kilichochujwa ni mwendo, kelele, na siku zote zisizo na jua.

Huko Glasgow, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kuelekea magharibi, mchujo ulikuwa wa namna nyingine. Kati ya 1868 na 1871 Thomas Annan alipiga picha vichochoro vya mji wa kale kwa niaba ya chombo cha kuboresha mji, kilichokuwa kimepewa na sheria ya 1866 mamlaka ya kuvibomoa. Alitumia bamba la kioo, linaloonyesha vitu kwa ukali kuliko karatasi. Mawe ya ukutani unaweza kuyahesabu. Lakini vichochoro vile vilikuwa vyembamba, jua haliingii, na lenzi ilibidi iachwe wazi muda mrefu. Kilichotulia kikabaki: ukuta, ngazi, mfereji wa maji machafu. Watoto waliosogea wamekuwa moshi, nguo zilizoanikwa juu zimekuwa mabaka meupe. Asiyejua husema mitaa ilikuwa mitupu. Haikuwa mitupu hata kidogo. Msongamano wake ndio uliokuwa sababu kuu ya kuibomoa.

Karne moja baadaye mashine ilikuwa imebadilika, na Edinburgh ya pichani ikabadilika nayo. Robert Blomfield alifika mjini hapo katika miaka ya 1950 kusomea udaktari, akawa anatembea mitaani na kamera ya mkononi. Sasa filamu ilihitaji sehemu ndogo tu ya sekunde, na ghafla watu wa Edinburgh wanakimbia, wanacheka, wanageuka nyuma. Kuna watoto wanaocheza barabarani, kuna theluji, kuna ukungu. Picha hizo zilikaa miongo mingi bila umma kuzijua. Mwaka 2018 ndipo zilipopata onyesho kubwa katika City Art Centre, jumba la sanaa la manispaa, miaka miwili kabla hajafariki. Ninachompendea ni kwamba hakuwa akiishi kwa kamera. Hapakuwa na mhariri wa kumdai mpiga zumari aliyevaa kilti mbele ya ngome, picha ambayo, kusema kweli, haituelezi lolote kuhusu namna wenyeji wanavyoishi siku ya Jumanne.

Kuta nazo zina habari. Mji wa Edinburgh umejengwa kwa mawe ya mchanga, ambayo yakitoka machimboni huwa na weupe au umanjano. Hill na Adamson walizipiga picha kazi za ujenzi wa mnara wa kumbukumbu ya mwandishi Walter Scott, waashi wakiwa kazini, na jiwe lenyewe ni jipya, linang'aa. Ukiutazama mnara huo leo, ni mweusi. Moshi wa makaa ya mawe kutoka maelfu ya dohani ulifanya kazi yake taratibu. Julius Nyerere alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, 1949 hadi 1952, mji ulikuwa bado unapikia na kuota moto wa makaa, na sheria ya hewa safi ya 1956 ilikuwa haijaja. Kwa hiyo picha nyeusi na nyeupe za wakati ule hazikupoteza rangi nyingi kama tunavyodhani. Baadaye majengo mengi yalisafishwa, mengine yakaachwa, na anayekadiria umri wa picha huanza kwa kuulizia ukuta gani ulikuwa bado na masizi.

Mashine hubadilika, jua halibadiliki. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kwenye saa mbili na dakika arobaini asubuhi, likazama kabla ya saa kumi alasiri, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi juu ya upeo wa macho. Mtu wa urefu wa mita 1.7 anaangusha kivuli cha mita tisa. Huku kwetu jua la saa sita mchana huangaza utosi na kuzika macho ndani ya kivuli cha nyusi, ndiyo maana wapigapicha wa harusi hulikimbia. Kule, jua la baridi huingia usoni moja kwa moja, siku nzima, pale mawingu yanapolipa nafasi. Barabara ya Princes Street ina maduka upande wa kaskazini tu; upande wa kusini ni bustani na bonde, hivyo jua la Desemba halizuiwi na jengo, na wapita njia humulikwa usawa wa mashavu. Mpigapicha hahitaji taa. Anahitaji kusimama tu na kungoja, vidole vikiganda. Juni mambo hugeuka: machweo ni saa nne usiku, na ile saa ya mwanga wa dhahabu inarefuka kupita ilivyozoeleka kwetu, kwa kuwa jua linashuka kwa mshazari badala ya kudondoka.

Mashambani hakuko mbali. Basi la mjini hukufikisha miguuni pa vilima vya Pentland, ambavyo kilele chake, Scald Law, kina mita 579. Kuna kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mabwawa yaliyojengwa kuupa mji maji. Hapa kinachoamua picha si mwanga peke yake. Ni sheria pia. Tangu sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003, mtu yeyote ana haki ya kupita kwa miguu karibu kila mahali, hata penye ardhi ya mtu binafsi, mradi asiharibu mazao, aache mageti kama alivyoyakuta na aheshimu faragha ya nyumba za watu. Ndiyo maana picha za kawaida za mashamba ya huko zinapigwa kutoka ndani, malishoni, kwenye mgongo wa kilima, wala hazipigwi zote kutoka barabarani.

Na hapo kilimani ndipo kamera hukosea zaidi. Mita ya mwanga iliyo ndani yake hudhani kila mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu. Ielekeze kwenye kilima chenye theluji au bonde lililojaa ukungu, nayo itaona weupe umezidi, ipunguze mwanga, na theluji itoke chafu. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi, hatua moja au moja na nusu. Kwenye simu, gusa kioo kisha sogeza alama ya jua juu. Kondoo mweusi ukutani humdai mtu afanye kinyume.

Simu zimefungua hata usiku, ambao zile picha za kwanza za Edinburgh hazina kabisa. Wakati wa baridi watu huenda kazini gizani na kurudi gizani, kwa hiyo usiku ni sehemu kubwa ya maisha yao: vituo vya basi, madirisha ya mikahawa, mawe ya barabarani yanayong'aa kwa mvua. Taa za barabarani nazo hutaja umri wa picha. Zikiwa za rangi ya machungwa, picha ina miaka kadhaa. Taa za LED nyeupe zimechukua nafasi yake. Tramu za kisasa zikionekana, ni kuanzia 2014, tramu ziliporudi mjini. Na tangu Juni 2023 zinafika hadi Newhaven, umbali ambao wale wanawake waliupanda na matenga yao.

Mwenye ndugu anayesoma Edinburgh na kumtumia picha za kituo cha basi au za foleni ya dukani asizidharau. Ila amwambie azitume kama faili. Zikipita WhatsApp kama picha za kawaida, hubanwa, na tarehe na saa zilizorekodiwa ndani yake huondolewa. Kisha aandike jina la mtaa na upande aliokuwa ameelekea. Kwa mambo hayo mawili na urefu wa kivuli, mtu wa nyaraka anaweza kukadiria msimu na saa hata miaka hamsini baadaye. Siku ya mvua, isiyo na kivuli, itambidi ategemee tarehe.