Ubovu Unaoujua Uandike Kwenye Mkataba

Mwenye gari anayeliuza mkononi, awe Bisibo, Biharamulo mjini au Ngara, ana taarifa ambayo mnunuzi hana. Anajua limeendeshwa vipi na linasumbua wapi. Mnunuzi anaona rangi, matairi, viti na herufi ya namba ya usajili, ndiyo maana maongezi ya bei huanza na "ni namba D hiyo" na "injini haijawahi kufunguliwa", huku habari ya giaboksi inayochelewa kushika, au ya injini inayochemsha gari likipanda mlima, ikibaki kifuani mwa muuzaji. Je, anayeujua ubovu wa gari lake analazimika kuusema? Wapo wanaosema ndiyo bila kusita, na wapo wanaosema mnunuzi ana macho na ana fundi wake. Jibu la sheria liko katikati. Ukimya humlinda muuzaji kuliko waadilifu wanavyopenda, lakini humlinda kidogo mno kuliko yeye mwenyewe anavyodhani. Hoja yangu ni kwamba kuuandika ubovu kwenye mkataba wa mauziano ndiyo njia nafuu zaidi kwa muuzaji, hata kama hamjali mnunuzi.

Tuanze na kinachompa muuzaji nguvu. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika Tanganyika mpaka ilipotungwa sheria yetu ya mwaka 1961, ambayo leo ni Sura ya 345, na vifungu vingi vya ile ya zamani vilihamia kwenye hii. Kifungu cha 17 kinaeleza maana ya udanganyifu. Kinataja kudai jambo ambalo msemaji haamini kuwa ni kweli, na kinataja kuficha jambo ambalo mtu analijua. Kisha kinakuja na ufafanuzi unaowashangaza wengi: kunyamaza tu, hata kuhusu jambo ambalo lingembadilisha mnunuzi nia, si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema au pale kunyamaza kwake kunapokuwa sawa na kusema. Sheria ya India ilifafanua kwa farasi. Mtu anamuuza kwa mnada farasi anayejua ana kasoro, na hasemi kitu: huo si udanganyifu. Mnunuzi akiwa binti yake aliyetoka tu kufikia umri wa utu uzima, uhusiano wao unamlazimu aseme. Na mnunuzi akimwambia, "Usipokanusha nitachukulia kwamba farasi ni mzima," naye akanyamaza, basi amesema. Mfano huo wa mwisho unafaa kukaririwa na kila anayekwenda kununua Noah au Probox. Sentensi moja inayotamkwa mbele ya shahidi, au kutumwa kwa ujumbe wa simu, inageuza ukimya wa muuzaji kuwa kauli.

Tofauti inayopuuzwa mitaani ni ile iliyopo kati ya kunyamaza na kuficha, na kwa magari tofauti hiyo ni ya kiufundi kabisa. Gari linalochemsha hutolewa thamostati ili maji yazunguke muda wote. Mshale wa joto unashuka, na tatizo lenyewe, liwe rejeta iliyoziba, feni dhaifu au gasketi ya silinda hedi iliyoungua, linabaki pale pale. Injini inayokula oili humiminiwa oili nzito wiki ya mauzo, na ule moshi wa bluu unapungua kwa muda. Taa ya cheki injini huzimwa kwa kufuta makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari, au huchomolewa kabisa isiwake hata ufunguo unapozungushwa. Injini yenye mlio wa asubuhi huwashwa nusu saa kabla mnunuzi hajafika, aikute imeshapata moto na kutulia. Injini inayochanganya maji na oili humwagwa oili yake, iliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa, ikawekwa mpya siku ya majaribio. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo ukimya. Kila moja ni tendo lililofanywa ili jicho lisione kilichopo, na hapo muuzaji ameshatoka kwenye ulinzi wa farasi wa mnadani. Kwa sheria ya mikataba, mnunuzi anaweza kuomba mkataba uvunjwe na kudai fidia. Na muuzaji akiongeza maneno, kwa mfano kwamba injini haijafunguliwa wakati anajua ilifunguliwa mwaka jana, kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo inashughulikia kujipatia kitu kwa njia ya uongo. Hapo mtu anaitwa polisi, si kwa mwenyekiti wa mtaa.

Pingamizi la kwanza ni kubwa: mnunuzi aje na fundi wake. Hili lina mashiko. Sura ya 345, kifungu cha 19, inamnyima mnunuzi haki ya kuvunja mkataba kwa sababu ya kauli potofu au ukimya ikiwa angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Bampa lililovunjika na matairi yaliyoisha hayahitaji kutangazwa. Lakini uangalifu wa kawaida una kikomo. Giaboksi ya otomatiki inayoteleza baada ya kupata moto haitaonekana kwa kuzungusha gari uwanja wa sabasaba kwa dakika kumi, na makosa yaliyofutwa kwenye kompyuta huhitaji mwendo wa kutosha kabla hayajarudi. Kinga ya kifungu hicho inahusu kauli potofu na ukimya. Aliyeficha kwa mkono wake hawezi kumwambia mwathirika kwamba hakutafuta vya kutosha. Tena tusijidanganye kuhusu fundi. Katika mji mdogo fundi anayeletwa na mnunuzi mara nyingi ndiye aliyelitengeneza gari hilo hilo, na huenda ameahidiwa cha juu na muuzaji.

Pingamizi la pili liko kwenye karatasi yenyewe: "Gari limeuzwa kama lilivyo." Maneno hayo yanaandikwa kwenye mikataba mingi, na wauzaji huyaamini kupita kiasi. Kesi mbili za Uingereza, ambako sheria yetu ya mauzo ya bidhaa ilichota misingi yake, zinaonyesha yanapofika. Mwaka 1878 Mahakama ya Mabwana iliamua kesi ya Ward na Hobbs. Nguruwe wenye homa walipelekwa sokoni Newbury wakauzwa pamoja na kasoro zao zote, bila muuzaji kutoa dhamana yoyote. Wa mnunuzi wakafa, na bado alishindwa. Lakini mwaka 1813, katika kesi ya Schneider na Heath, meli iliuzwa kwa sharti kama hilo hilo la kasoro zote, huku ikiwa imeliwa na wadudu na mkuku wake umevunjika. Ilikuwa imeondolewa nchi kavu ikaachwa ielee, ili sehemu mbovu zibaki chini ya maji. Sharti halikumsaidia muuzaji. Kasoro ya nguruwe ilinyamaziwa tu, ya meli ilifichwa. Thamostati iliyotolewa iko upande wa meli.

Kuna pia suala la dalali, ambalo wauzaji husahau. Mwenye gari hukaa kimya nyumbani, akijiona hajadanganya mtu, huku dalali akiapa kijiweni kwamba gari halina tatizo hata moja. Chini ya Sura ya 345, kauli potofu au udanganyifu wa wakala katika shughuli aliyotumwa huhesabiwa kana kwamba umetendwa na aliyemtuma. Kwa hiyo ukimya wa mwenye gari unakwisha pale dalali anapofungua mdomo. Anayetaka kujilinda amwandikie dalali ubovu wa gari kwa ujumbe, naye abaki na nakala. Wenye yadi za magari wanabanwa zaidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora na ufaafu kwa anayeuza bidhaa kama kazi yake, masharti ambayo mtu binafsi anayeuza gari lake hawekewi kwa namna hiyo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji katika biashara.

Sasa pingamizi la tatu, linalouma mfukoni: kila mtu ananyamaza, mimi nikisema peke yangu nitauza kwa hasara. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya aina hiyo. Alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya wastani kwa yote. Wenye magari mazima wanaona bei hiyo haiwafai, wanajitoa, na soko linabaki na mabovu. Maana yake kwa muuzaji ni kwamba mnunuzi ameshamkata bei kabla hajafungua mdomo, kwa sababu anamhesabu pamoja na waongo wote. Tuseme gari zima la aina hiyo ni milioni 10, na giaboksi hutengenezwa kwa milioni 1.5. Mnunuzi asiyejua kitu, lakini anayehofia injini, giaboksi na difu kwa pamoja, anaweza kusimama kwenye milioni 7.5. Akiambiwa kwamba tatizo ni giaboksi, akaonyeshwa makadirio ya fundi, hofu yake inapata mpaka, na milioni 8.5 inaanza kuzungumzika. Sidai kwamba hesabu itatoka hivyo kila mara. Yupo muuzaji atakayeficha na kupata milioni 10 taslimu. Ila huyo ameuza gari pamoja na deni: Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na kwenye udanganyifu muda huanza kuhesabiwa pale mwathirika anapougundua, au alipopaswa kuugundua.

Kwa wilaya za Biharamulo na Ngara ugunduzi hauchelewi. Barabara inayotoka Nyakanazi kupitia Lusahunga hadi Rusumo, na ile ya Kabanga kuelekea Burundi, zina malori ya mizigo mchana na usiku, na milima ya Ngara haivumilii injini inayochemsha wala breki dhaifu. Gari lililotulia sokoni Biharamulo husema ukweli wake kwenye mpando wa kwanza mrefu. Tena magari mengi madogo yanayonunuliwa huku hayakai nyumbani. Yanakuwa michomoko, yaani magari madogo ya abiria, yanabeba mama na mtoto kwenda kliniki, magunia ya mahindi na wanafunzi juu ya magunia. Hoja ya watu wawili wazima waliokubaliana bei ina nguvu pale tu ubovu unapomgusa mnunuzi peke yake. Abiria hakukubaliana na yeyote. Ndiyo maana naweka breki, usukani, boljointi na tairodi katika kundi la pekee: hizo haitoshi kuziandika tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari bovu barabarani, kwa hiyo gari la namna hiyo litengenezwe kwanza, au liondoke kwa kuvutwa.

Wasomaji Waislamu wataona kwamba hakuna jipya hapa. Katika fiqhi mnunuzi aliyekuta aibu iliyokuwepo kabla ya mauzo, na ambayo hakuijua, ana hiari ya kurudisha bidhaa, na hadithi ya Mtume aliyetia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta unyevu ndani yake inafundishwa hata madrasa. Muuzaji yule alisema mvua ndiyo iliyolowesha, na huenda ni kweli. Alichoulizwa ni kwa nini hakuweka zilizolowa juu, watu wazione. Kwa maoni yangu kipimo hicho ni kikali kuliko kifungu cha 17, na ni bora zaidi, kwa sababu hakimpi mtu nafasi ya kubishana kama alificha au alinyamaza.

Linabaki pingamizi la asiyejua: mimi si fundi, nitaandikaje ugonjwa nisioujua? Hatakiwi kuutaja ugonjwa, aandike anachokiona. "Gari hupandisha joto likipanda mlima mrefu, huongezwa oili lita moja kila mwezi, giaboksi hushtuka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, thamostati ilitolewa, silinda hedi ilifunguliwa mwaka 2023." Maneno kama hayo yanaingia kwenye mkataba juu ya sahihi, kabla ya bei, na chini yake mnunuzi anaandika kwa mkono wake kwamba ameyasoma, amelijaribu gari likiwa la baridi na likiwa limepata moto, na bei imezingatia hayo. Mashahidi wa pande zote mbili wasaini, kila upande uondoke na nakala, ndipo mwende TRA kuhamisha umiliki. Mnunuzi akikataa kusaini aya hiyo, usimuuzie gari.