Je, Wajua? Chenso Iliyokamata Huweza Kufufuka

Je, wajua kwamba chenso (msumeno wa mnyororo) kuukuu iliyotupwa kwa sababu "imekamata" mara nyingi bado ina silinda nzima? Silinda hiyo ni ya alumini, lakini ukuta wake wa ndani una tabaka jembamba la kromu au nikeli, gumu kuliko pistoni. Joto likizidi, pistoni ndiyo huumia, na alumini yake huganda ukutani. Fundi mzoefu, akiwa nje penye hewa na amevaa glavu na miwani, hupaka asidi ya hidrokloriki kidogo kidogo. Asidi hula alumini iliyoganda na kuliacha tabaka la nikeli, lakini la kromu huweza kuliwa na asidi hiyo. Tabaka likiwa limechubuka, aache mara moja, maana asidi itaila silinda yenyewe.

Kosa kubwa ni kufunga pistoni mpya bila kuuliza ya kwanza ilikufa kwa nini. Injini ya chenso haina oili yake ya chini. Hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli, kwa kawaida sehemu 1 kwa 50. Sili za krenki zikikauka kwa uzee, hewa hupenya, mchanganyiko hupungua nguvu ya kulainisha na kupoza, na pistoni huungua tena.

Vipuri kama krenki, klachi na bodi vyaweza kutoka kwenye chenso nyingine zilizokufa. Sili, ringi, mipira ya mafuta na kiwambo cha kabureta vinunuliwe vipya. Breki ya mnyororo nayo ikaguliwe kabla ya injini kuwashwa.