Boila la Kuni na Umeme: Waya Upite Wapi?

Mkulima wa Meru au Embu, labda nyumba yako imekwisha kupata umeme, lakini maji ya kuoga na ya kuosha mikebe ya maziwa bado wayachemsha kwa kuni. Wengine wameweka boila la kuni lenye pampu ndogo ya kusukuma maji, na swichi ya joto inayoiwasha pampu hiyo maji yanapopata moto. Ni kazi njema. Lakini hapo moto, maji na umeme vyakutana, kwa hiyo fikiri njia ya waya kabla ya kutoboa ukuta.

Kwanza, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, na uione leseni yenyewe. Umeme wa nyumbani ni volti 240, nao waua. Lakini wewe ndiwe ulijuaye jiko lako, basi mwonyeshe.

Waya wa kawaida umevikwa plastiki iliyotengenezwa kwa joto lisilozidi digrii 70. Mjini Meru maji huchemka karibu na digrii 95, na bomba la moshi lina joto kupita hapo. Plastiki ikiharibika, shaba hubaki wazi. Kwa hiyo:

1. Waya usipite juu ya boila wala karibu na bomba la moshi, kwa maana joto hupanda. Usilazwe sakafuni pia, mahali kuni zinapotupwa. Upite ukutani, ndani ya paipu.

2. Moto ukiwa mkali, weka kiganja ukutani pale waya utakapopita. Usipoweza kukiacha kwa dakika moja, tafuta njia nyingine.

3. Kipande cha mwisho cha kufikia boila kiwe waya wa kustahimili joto.

4. Swichi ya kuzima yote iwekwe karibu na mlango, usiifuate nyuma ya moto.

5. Boila na pampu viunganishwe na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi husahau. Mvua kubwa ikinyesha, mara nyingi umeme hukatika. Pampu husimama, lakini kuni zaendelea kuwaka. Maji huchemka ndani ya boila, na mvuke ukikosa njia waweza kulipasua na kuua watu. Hapo swichi haisaidii kitu. Dawa yake ni tangi la maji moto kuwekwa juu kuliko boila, ili maji yapande yenyewe, na bomba la kupumulia liachwe wazi. Bomba hilo lisitiwe koki, wala lisizibwe kwa tambara.

Katika viwanda vya chai, kama Mungania au Imenti, boila huwa na wahudumu wake. Nyumbani mhudumu ni wewe, mkeo na watoto. Wafundishe wote: umeme ukikatika, wasiongeze kuni. Tahadhari kabla ya hatari.